Chokaa Kwenye Njumu za Winga

Juzi nilikuwa nimekaa pembeni ya uwanja pale Buzuruga, nyuma ya stendi, naangalia mazoezi ya vijana. Wawili kati yao walikuwa wanabishana hadi mishipa ya shingo imewatoka. Mmoja anasema winga wa mguu wa kushoto lazima apangwe kulia, aingie ndani, apige golini, ndio mpira wa kisasa huo. Mwenzake anasema huo ni uvivu, winga kazi yake ni kufika kwenye kibendera cha kona na kumwaga majalo, krosi juu ya krosi. Waliponiona wakaja, wakaniamkia shikamoo, nikaitikia, halafu wakanitwisha ubishi wao niuamue. Nikawaambia jambo hilo tulilimaliza sisi, hapahapa Mwanza, kabla baba zenu hawajaoa. Wakacheka kwa adabu, kile kicheko cha mtu anayemvumilia mzee. Kicheko hicho ndicho kimenifanya nikae chini niandike.

Kwenye kitambulisho cha kazi niliandikwa fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba, lakini kazi yangu hasa, ile ninayojivunia mpaka leo, ilikuwa ukocha. Mnaona ajabu nikisema hivyo. Zamani viwanda vingi vilikuwa na timu zao, na wachezaji walikuwa wafanyakazi wa humohumo. Kipa wetu alikuwa mlinzi wa ghala, mabeki walikuwa wanashona magunia, sentafowadi alikuwa mpakiaji wa marobota. Asubuhi pamba, jioni mpira. Mtu alikuwa anaajiriwa kwa sababu anajua kucheza, halafu ndipo anatafutiwa kazi ya kufanya, na hakuna aliyeona vibaya.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na Mwalimu Petro, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa kocha wa timu ya kiwanda, anakuja uwanjani jioni na baiskeli, filimbi shingoni. Nilikuwa winga wake wa kulia. Mistari ya uwanja tulikuwa tunaichora kwa chokaa, na Mwalimu Petro alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa kocha mwingine. Mechi ikiisha, kabla hamjanywa hata maji, anawaita mawinga wawili, anawaamuru wanyanyue miguu mmoja mmoja, anakagua njumu zao kwa upande wa nje. Zikiwa nyeupe kwa chokaa anakupiga begani, umefanya kazi. Zikiwa hazina chokaa hakuulizi umefunga mangapi. Anakuambia leo hukucheza, ulikuwa unazurura katikati kama mtu aliyepotelewa na kuku. Mimi zangu zilikuwa nyeupe kila Jumamosi. Wapo waliokuwa wanajipaka chokaa kwa mkono dakika za mwisho, na mzee alikuwa anawajua, kwa sababu chokaa ya kujipaka inakaa juu juu, ya kukimbia inaingia kwenye mshono.

Kwa hiyo mkinisikia nawaeleza habari za winga kuingia ndani, mjue anayesema si mtu aliyezaliwa na mawazo hayo. Mimi nililelewa kwenye chokaa.

Uwanja wetu ulikuwa Pasiansi, na nusu ya ninayoyajua kanifundisha uwanja ule. Mstari mmoja wa pembeni ulikuwa jirani kabisa na maji ya ziwa. Mstari wa pili ulikuwa chini ya kilima cha mawe, na mashabiki walikaa juu ya mawe hayo, wakatazama bure na kututukana bure. Goli moja lilielekea uwanja wa ndege, jingine lilielekea mjini. Alasiri ikifika, upepo unatoka ziwani, unaukata uwanja kwa upana, unakwenda kugonga mawe. Timu ngeni zilikuwa zinapiga krosi nzuri kabisa kutoka upande wa ziwani, mpira ukapita juu ya vichwa vyote na kumkuta mama wa karanga juu ya jiwe lake. Krosi ikitoka upande wa mlimani, upepo unaupokea mpira kwa mbele, unauning'iniza hewani, na mtu mrefu anajichagulia mwenyewe wakati wa kuruka.

Kwenye uwanja wetu huo hapakuwa na kulia wala kushoto. Kocha akisimama pembeni anatazamana na wachezaji, kulia kwake si kulia kwao, na mtu mwenye mpira mguuni na beki mgongoni hana nafasi ya kukaa anapiga hesabu za mikono. Mwalimu Petro akaamua tutumie alama zisizogeuka: ziwani na mlimani. Wewe cheza ziwani. Wewe hamia mlimani. Hata aliyefika mjini juzi alielewa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba baada ya mapumziko timu zinabadilishana magoli lakini ziwa linabaki palepale. Kila haftaimu ilibidi kocha awapange mawinga upya, wa ziwani aende mlimani, wa mlimani aje ziwani, ili kila mtu abaki na mguu wake. Nilipoirithi timu, kazi hiyo nayo nikairithi.

Timu yangu ilikuwa na watu watatu mnaopaswa kuwajua. Wa kwanza ni Mabula, yule mpakiaji wa marobota, mtu wa Kwimba, mrefu, shingo ngumu kwa kubeba. Mabula alikuwa anafunga kwa kichwa tu. Miguu yake ilikuwa ya kumfikisha mahali pa kurukia. Wa pili ni Kizito, winga wa kulia, kijana mtiifu, njumu nyeupe kila wiki, Mwalimu Petro anampenda kama mwanawe. Krosi za Kizito na kichwa cha Mabula ndivyo vilivyokuwa vinatulisha. Wa tatu ni Magesa, Mjita wa ufukweni Mara, mguu wa kushoto mtupu, aliyekuja kwetu wakati vijana wengi wenye nguvu walikuwa wanakimbilia viwanda vipya vya minofu ya sangara. Nilimpata kwa sababu huko alikokwenda kwanza walimwambia hakuna timu.

Siku jambo hili la winga kuingia ndani lilipozaliwa, tulikuwa na mechi ya kirafiki. Kipindi cha kwanza tulishambulia kuelekea uwanja wa ndege, ziwa likiwa kushoto kwetu, nikampanga Magesa ziwani. Karibu na mapumziko akaukosea mpira, ukaingia majini. Sheria yetu ilikuwa aliyeupiga ndiye anaufuata. Mabula, ambaye maji aliyaogopa kuliko beki yeyote, alikuwa na kawaida ya kugeuka na kutazama kilima mpira ukienda huko, asije akatumwa. Magesa yeye alivua njumu, akaingia, akaogelea. Kila akiugusa unamteleza, mawimbi yanauchezea, mapumziko yote yakaisha tumesimama ufukweni tunamwangalia. Alipotoka mwamuzi alikuwa ameshapuliza filimbi. Sikumpanga mtu upya.

Basi Magesa akavaa njumu zake, maji yanamchuruzika, akarudi palepale alipokuwa amepangwa, ziwani. Lakini sasa tunashambulia kuelekea mjini, na ziwa liko kulia. Kizito naye akaja hapohapo, maana kulia ni kwake tangu alipozaliwa. Mawinga wawili mstari mmoja, upande wa mlimani hakuna mtu hata wa dawa. Nikapiga kelele hadi koo likawasha, upepo ukazichukua kelele zangu ukazipeleka kwa mama wa karanga. Kizito anamwambia mwenzake toka, Magesa anajibu kocha hajaniambia nitoke. Wakiwa katika hali hiyo mpira ukamfikia Magesa. Kwenda kwenye chokaa hawezi, Kizito kasimama hapo. Akaona njia moja tu, akaingia ndani kwa ule mguu wake wa kushoto, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akapiga. Kipa wao aliusikia tu ukitikisa nyavu.

Juu ya mawe watu walitazamana kwanza, kwa sababu hawakujua kama ni ruhusa. Halafu wakalipuka. Mwalimu Petro, ambaye alikuwa amestaafu lakini hakosi mechi, alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye kigoda chake. Nikageuka nimwone uso. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari, "Hilo ni goli, lakini si mpira."

Wiki nzima sikulala vizuri, na si kwa huzuni. Nilikuwa nakwenda uwanjani peke yangu baada ya kazi, nabeba mpira, napiga kutoka upande wa ziwani, mara kwa mguu wa kulia, mara kwa wa kushoto. Sikilizeni, maana hapa ndipo penye ufundi. Ukiwa kulia, ukapiga krosi kwa mguu wa kulia, mpira unajikunja kulikimbia goli. Upepo wa ziwani nao unausukuma kuelekea mlimani, mbali zaidi na goli. Viwili vikishirikiana, umeupoteza. Ukipiga kwa mguu wa kushoto kutoka hapohapo, mpira unajikunja kurudi golini, upepo unauvuta kuupeleka mlimani. Vinagombana, na katika ugomvi huo mpira unachoka na kuanguka kwenye mlingoti wa mbali, mahali pamoja kila siku. Nilipiga hadi giza likaanza, na kila nikienda kuuokota nilikuwa naukuta karibu na palepale. Nilijisikia mtu aliyeokota lulu barabarani.

Nikafanya kosa la kila kocha aliyegundua jambo. Nikalitumia kila mahali. Tulikwenda kucheza Sengerema, uwanja uko bondeni, upepo hakuna, nikawabadilisha mawinga wote pande mechi nzima na kuwaambia ingieni ndani. Wakaingia. Viungo nao walikuwa ndani, Mabula alikuwa ndani, mabeki wa Sengerema walikuwa ndani, basi mbele ya goli pakawa kama foleni ya sukari ya miaka ile ya shida. Pembeni kulikuwa kweupe, ng'ombe wangeweza kulisha. Tulifungwa. Njiani kurudi, kwenye kivuko, Kizito alikuwa amekaa anaangalia njumu zake safi kama mtu aliyefiwa.

Na Mabula alikuwa hajagusa mpira.

Hapo ndipo jambo lilipoacha kuwa la mpira tu. Kiwanda chetu kilikuwa cha ushirika, na miaka ile ndiyo milango ilifunguliwa, pamba ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye mizani, viwanda vikauzwa. Chetu nacho kikapata mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alitukusanya uani, akasema kwa upole kwamba kiwanda kina watu wengi kuliko kazi. Timu ataiacha kwa sababu jina la kiwanda linaonekana, lakini kuanzia sasa kila anayelipwa awe anahitajika kwenye mashine au anahitajika uwanjani. Asiyehitajika kokote tutaagana kwa heshima. Akatuambia atakuja mwenyewe kuangalia mechi yetu na timu ya Musoma, halafu ataamua. Wiki hiyohiyo ikaletwa foklifti, kale kagari ka kunyanyulia marobota. Kazi ya wapakiaji wote kalikuwa kanaimaliza kabla ya chai ya saa nne, na dereva wake anapiga mluzi.

Mnaelewa Mabula alivyokuwa amebanwa. Ghalani foklifti imemtoa. Uwanjani, Magesa akiingia ndani, mpira unafika miguuni kwa watu, na Mabula anaishi kwa mipira ya kichwani. Mashabiki juu ya mawe walishaanza kumwita mnazi wa Kwimba, na wote mnajua Kwimba hakuna minazi. Alikuwa na mke na watoto, wote bado shule ya msingi, kwenye vyumba viwili vya kupanga huko Ilemela. Nikimweka benchi nimemfukuza kazi, na kila mtu kiwandani alilijua hilo, yeye kuliko wote.

Alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, shati limepigwa pasi. Akakataa chai, na Mabula kukataa chai ni habari. Akazungusha kofia mikononi, akasema.

"Kocha, mimi sisemi Magesa asifunge. Afunge. Ila niambie, mimi nikasimame wapi nipate kula?"

Nikamwambia anipe muda nifikirie.

"Wewe muda unao," akasema. "Foklifti haisubiri."

Magesa nisingeweza kumrudisha nyuma, alikuwa ameshakuwa hatari kwa kila beki wa mkoa. Nikafanya lile linalofanywa na mwenyeji aliyebanwa, nikamsindikiza mgeni. Tukashuka hadi njia ya ufukweni, yeye akitembea upande wa mbali na maji. Tukawakuta watu wanavuta kokoro. Ninyi wengine hamlijui, limepigwa marufuku kwa sababu linazoa hata samaki wachanga. Ni wavu mrefu unaozungushwa majini, halafu makundi mawili ya watu yanashika kamba, moja huku na jingine kule, wanavuta huku wanasogeleana, wavu unajifunga kama mfuko.

Tulisimama tukatazama. Kundi la upande wetu lilikuwa linavuta kwa nguvu, linaingia ndani, na macho ya watu wote yalikuwa kwao. Mtu mmoja alibaki nje kabisa, maji kiunoni, anapigapiga maji ili samaki wasitoroke kwa pembeni. Samaki wakawa wanakimbia upande uliotulia. Na huko, mwisho kabisa wa wavu, alikuwepo jamaa mwingine mrefu, kasimama peke yake na tenga, havuti, haongei. Samaki waliokuwa wanaruka wavu kujiokoa walikuwa wanamwangukia yeye.

Mabula akamwangalia sana. Halafu akasema, kama anajisemea, "Yule wa kule mwisho ndiye anayeshiba."

Nikamshika mkono nikamwambia turudi nyumbani ukanywe chai.

Kesho yake jioni nilichukua gunia la pamba kiwandani, nikaliweka mbele ya goli, mahali hasa Mabula alipozoea kusimama. Nikamwambia hapo pana mtu, hupati nafasi, zunguka nyuma yake uende mlingoti wa mbali na usubiri. Mtu aliyesimama sehemu moja tangu ujana kumhamisha si mchezo. Siku ya kwanza alilisukuma gunia kwa goti akasimama palepale. Siku ya pili alilibeba akaliweka pembeni, akasema gunia hili nimelibeba kiwandani miaka yote, leo na lenyewe limekuwa beki. Tukacheka hadi Magesa akakaa chini. Lakini alianza kuzunguka. Nikamfundisha asiondoke mapema, aondoke pale Magesa anapoinua kichwa. Akitangulia, beki anamfuata. Akichelewa, mpira unampita. Nikamkataza kabisa kuruka, kwa sababu mpira unaofika mlingoti wa mbali unafika umechoka, uko chini, unataka goti au paja.

Kizito nilimfanya yule wa kupigapiga maji. Nikamrudisha beki ya kulia, na kila Magesa akiingia ndani, yeye apite nje yake mbio hadi kwenye chokaa, apewe mpira asipewe. Alinuna kidogo kuitwa beki. Nikamwambia kimbia kama winga, mengine ni majina tu. Upande wa mlimani nikamwachia beki wa kushoto apande pakiwa na nafasi. Mwalimu Petro alikuja siku moja, akaangalia gunia, akaangalia Mabula anavyolizunguka, akapanda baiskeli yake bila kuaga.

Siku ya Musoma mawe yote yalijaa watu. Mwenye kiwanda aliwekewa kiti chini ya turubai. Kipindi cha kwanza ziwa likiwa kushoto nilicheza mpira wa zamani, kila winga na mguu wake, nikamwacha Mabula arukie mipira ya mlimani. Alipata miwili, yote ikagonga mwamba. Wao wakapata goli moja la kijinga, kipa wetu alikuwa anaangalia turubai. Wakati wa mapumziko Mabula hakuja kunywa maji. Alikuwa amesimama peke yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ametazama ziwani.

Kipindi cha pili nikampeleka Magesa ziwani. Upepo ulikuwa umekolea. Mipira ya kwanza haikuleta kitu, mabeki wa Musoma walikuwa wameambiwa habari zake na walimsubiri ndani wawili wawili. Nikaona Kizito anapita nje, anarudi, anapita tena, hapewi, analalamika, anapita tena. Hatimaye beki mmoja wa Musoma akachoka kumpuuza akamfuata. Upenyo ukapatikana. Magesa akaingia, kila mtu akajua anapiga golini, kipa akasogea. Akainua kichwa. Mabula, aliyekuwa katikati na mabeki wawili wamemwegemea, akawaacha wameegemeana wenyewe, akazunguka nyuma. Mpira ulipanda, upepo ukauvuta, ukajikunja, ukavuka watu wote. Nilijua utaangukia wapi. Nilikuwa nimeuokota hapo kila jioni.

Ulimgonga Mabula kwenye paja ukaingia. Hakuruka, hakufanya kitu chochote cha kusifiwa. Alibaki anaangalia paja lake kama si la kwake, hadi wenzake walipomwangukia. Baadaye alifunga jingine, lilelile, mlingoti uleule, kwa goti, na safari hii alinyoosha mkono kunielekea kabla halijaingia. Vijana, nimeshika vikombe, nimepigwa picha na wakubwa, lakini mkono ule ulionyooshwa ndio ninaouota. Tuliwafunga Musoma mawili kwa moja, nikalia mbele za watu na sikuona haya.

Filimbi ya mwisho ilipolia Mwalimu Petro aliingia uwanjani na fimbo yake. Sote tulijua anakwenda wapi. Akamwita Magesa, akamnyanyulisha mguu, akakagua njumu. Zilikuwa na vumbi na majani, chokaa hata chembe hakuna. Akatikisa kichwa. Nikaanza kumweleza mambo ya upepo, akaninyamazisha kwa mkono. Akaangaza macho, akamwona Kizito anajivuta kwenda kunywa maji, akamwita naye. Zake zilikuwa nyeupe tangu kidoleni hadi kisiginoni. Mzee akapitisha kidole kwenye mshono, akakitazama, akanigeukia.

"Chokaa ipo," akasema. "Imehamia kwa beki."

Akampiga Kizito begani, akampiga na Magesa, na mimi mwisho, kwa nguvu kidogo. Kwangu hiyo ilikuwa shahada.

Kwa hiyo ninyi wawili wa Buzuruga, jibu langu ni hili. Mbadilisheni winga upande, aingie ndani, ni mpira mzuri na tuliucheza sisi kabla hamjauona kwenye televisheni. Lakini kwanza pimeni upepo wa uwanja wenu, maana Sengerema si Pasiansi. Pili, mjue ni nani ataichukua ile chokaa aliyoiacha, kwa sababu lazima awepo wa kuichukua, akimbie bila kupewa mpira na asinune. Tatu, nendeni kwa yule aliye katikati, mwambieni mapema atakula wapi. Kocha anayesahau hilo la tatu anapanga magunia.

Mwenye kiwanda hakuniambia neno siku ile zaidi ya kuuliza yule mrefu anaitwa nani. Baadhi ya wapakiaji tuliagana nao, na liliniuma. Mabula alibaki. Walimpa kazi getini, akafanya huko hadi alipostaafu. Jioni ukipita Pasiansi utamkuta juu ya jiwe lake, bado anayapa maji mgongo, anawahadithia watu kwamba wazo lile lilikuwa lake, aliliona kwenye kokoro, na kocha alikuwa amesimama tu. Mke wangu huniuliza kwa nini simsahihishi. Nimsahihishe nini? Swali lilikuwa lake na aliyemwona yule mtu wa tenga ni yeye. Mimi nilikuwa na yangu ya kunitosha. Kila Jumatatu asubuhi, tangu mechi ile, nilikuwa nasimama kwenye mashine yangu na kutazama dirishani hadi nimwone Mabula anaingia kwenye kile kimlango cha geti, ameinama ili asigonge kichwa, halafu ndipo nawasha mtambo.